Heroe wa Natron na Faida ya Kuchelewa

Mto wa Mbu ndipo lami inapokuaga. Watalii wengi hunyoosha, wakapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Karatu na Ngorongoro. Anayekwenda Ziwa Natron hukata kulia, akapita migomba na majaruba ya mpunga, na kabla hajazoea kivuli, kijani kinakwisha na vumbi linaanza. Gari letu lilikuwa Land Cruiser kuukuu ya abiria. Ndani tulibanana na magunia ya sembe, kreti za soda, na mama mmoja wa Kimaasai aliyenikabidhi mwanawe nimpakate hata kabla hatujasalimiana. Mtoto akalala palepale. Nikakaa hivyo hadi Engaruka, mguu mmoja umekufa ganzi.

Dereva alikuwa mtu wa simulizi. "Mwaka 2011 ungeiona hii njia, kaka, usingeamini." Mwaka huo ndio wa kikombe cha Babu, Mchungaji Ambilikile Masapila wa Samunge, aliyetoa dawa yake kwa shilingi 500. Magari yalipita hapa usiku na mchana, mabasi, pikapu, hata magari ya wagonjwa, na mengine yalifia makorongoni. Kisha watu wakaacha kuja, njia ikarudi kwa ng'ombe na punda.

Njia hii ina historia nyingine, ya mahakamani, lakini sikumsimulia dereva maana alikuwa bado anaendelea na yake. Serikali iliwahi kupanga barabara kuu itokee upande wa Ziwa Victoria, ikatize kaskazini mwa Serengeti, itokeze Loliondo, iteremke Engaresero na kuishia hapa Mto wa Mbu. Shirika moja la Nairobi, African Network for Animal Welfare, likafungua kesi mwaka 2010 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Juni 2014 mahakama ikaizuia serikali kujenga barabara ya lami ndani ya kipande hicho cha hifadhi, kwenye mapito ya nyumbu. Nje ya hifadhi hakuna aliyezuiwa: kati ya Waso na Sale lami imekwisha kumwagwa, na nyumbu hawajalalamika. Ugomvi wote ulikuwa juu ya mahali.

Nami nilikuwa safarini kwa ajili ya sheria, ingawa ni aibu kidogo kulisema hilo mbele ya watu wanaokwenda kuona ndege. Kwa wengi wetu sheria ya wanyamapori ni askari mwenye bunduki, kesi ya nyamapori, na geti. Mwenye mshale hupelekwa lupango. Mwenye tingatinga hupewa kiti na chai, wakaongea. Nilitaka kupaona mahali ambapo sheria iliwahi kumkabili mwenye tingatinga, na nijue ilimfanya nini.

Mageti nayo hayakukosekana. Kila halmashauri ina kamba yake barabarani na kijana mwenye kitabu cha risiti. Ukilipa la kwanza unadhani umemaliza, hujamaliza.

Baada ya Engaruka nyika inafunguka. Mlima Kerimasi unapita, halafu mwingine unasimama peke yake, mwembamba, wenye makorongo ya kijivu kutoka kileleni hadi chini: Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu, mita 2,962. Ni volkano hai pekee duniani inayotema lava ya magadi. Lava hiyo hutoka nyeusi, nyepesi, inachuruzika kama mafuta, na ikishapigwa na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe. Mvua huiosha, chemchemi za moto zikaongeza chumvi zake kutoka ardhini, na vyote vikateremka bondeni. Bonde halina pa kutolea maji. Jua linakunywa, magadi yanabaki. Kwa maelfu ya miaka hesabu ni hiyohiyo.

Julai 2007 mlima huu ulitikisa ardhi hadi watu wa Arusha na Nairobi wakatoka nje ya majengo, na Septemba ukalipuka na kumwaga majivu juu ya malisho. Wakati huohuo, Dar es Salaam, watu waliovaa tai walikuwa mezani wakibishania kiwanda cha magadi cha kujengwa miguuni pake. Sipendi kumsingizia Mungu maoni juu ya uwekezaji. Lakini wazee wa Engaresero hawana kigugumizi hicho, na walinieleza maoni yake kwa kirefu.

Engaresero ni kijiji cha wilaya ya Ngorongoro: maboma, kambi chache za watalii, mto mdogo wa maji baridi unaotoka kwenye genge, na joto ambalo saa tatu asubuhi limeshakushika shingo. Kwa hiyo tulitoka kabla jua halijachomoza, mimi na kijana wa kuniongoza, mwenye shuka jekundu, viatu vya tairi na simu mbili. Tulitembea juu ya tope lililokauka, kisha juu ya gamba jeupe linalovunjika chini ya soli. Harufu ni ya yai viza na chumvi. Ziwa lenyewe halina hata mita tatu za kina. Urefu wake hukaribia kilomita 60 maji yakijaa, lakini ukitazama huoni pwani ya upande wa pili, unaona mng'ao tu.

Nikawaona heroe. Kwanza mstari wa waridi, halafu mstari ukapata miguu. Walikuwa maelfu mahali ambapo vijito vya chemchemi vinaingia ziwani, vichwa vimepinduliwa juu chini, midomo inachuja maji kutafuta viumbe vidogo vya kijanikibuluu ambavyo ndivyo vinavyowapa rangi. Hatukuruhusiwa kusogea. Kijana alinyoosha mkono kuzuia kifua changu bila kuniangalia, na hapo tukasimama hadi jua likapanda.

"Wanataga wapi?" nikauliza.

Akaonyesha mng'ao katikati. "Kule. Hakuna anayefika."

Ndiyo siri yenyewe ya Natron. Heroe mdogo hujenga kichuguu cha tope juu ya gamba la magadi, mbali na nchi kavu, akataga yai moja tu, akalilalia wiki nne. Fisi na mbweha hawawezi kuvuka tope lile. Maji ya chemchemi ni ya moto na magadi yanachoma ngozi. Mwaka 1954 mtafiti wa ndege Leslie Brown alijaribu kuyafikia makoloni hayo kwa miguu. Magadi yakaingia kwenye buti zake, miguu ikaungua vibaya hadi akalazwa hospitali. Ndege amechagua nyumba ambayo kila mtu mwingine anaikimbia.

Lakini nyumba hiyo inakaa kwenye mizani nyembamba. Maji yakizidi, vichuguu vinazama. Yakipungua mno, tope linakauka na fisi anapata njia. Kuna miaka heroe hawatagi kabisa. Mwaka 1962 Natron ilifurika, ndege wakahamia Ziwa Magadi upande wa Kenya wakataga huko. Makinda yao yakaota pingu za magadi miguuni, ngumu kama saruji, na watu wakaingia ziwani kuwavunjia moja moja. Maelfu waliokolewa hivyo. Hadithi nzuri, lakini iliwafundisha wataalamu kwamba ndege hawa hawana kwao kwingine. Heroe wadogo wa Afrika Mashariki ni milioni moja na nusu hadi mbili na nusu. Wanakula Nakuru, Bogoria, Manyara, Momela, popote penye magadi. Kutaga, kwa miaka mingi sasa, ni hapa tu. Zaidi ya nusu ya heroe wadogo wote wa dunia wanazaliwa kwenye tope hili moja.

Kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini heroe mdogo yumo ngazi ya chini, ya wale wanaokaribia kutishiwa. Ukihesabu vichwa, ni wengi mno kulilia. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko uchache: zaidi ya nusu ya aina hii imeweka mayai yake mahali pamoja, na mahali hapo pana bidhaa.

Bidhaa tunaijua sote. Pale sokoni Mto wa Mbu iko chini kwenye mifuko, mabonge ya kijivu, mia tano mia tano. Hulainisha maharage na makande, hutiwa kwenye mlenda na kisamvu, huchanganywa na ugoro. Viwandani ndiyo kioo, sabuni, karatasi. Kenya wanaichimba pale Magadi tangu 1911. Mwaka 2006 Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, pamoja na kampuni ya Tata Chemicals ya India, ambayo mwaka uliotangulia ilikuwa imechukua kiwanda hicho cha Magadi, wakaja na mpango wa kuvuta maji ya Natron na kutengeneza tani 500,000 za magadi kwa mwaka. Kungekuwa na mabomba ziwani, makazi ya wafanyakazi, njia za kusafirishia mzigo, na uvutaji wa maji baridi katika eneo lenye vijito vya kuhesabika. Wataalamu wa ndege waliongeza jambo ambalo mhandisi hawezi kulifikiria: palipo na watu wengi pana jalala, na palipo na jalala wanakuja korongo mfuko shingo na kunguru, na hao wana mbawa. Tope haliwazuii.

Sasa sheria. Tanzania ilijiunga na Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu mwaka 2000, na Julai 2001 ikauandikisha ukanda wa Natron kuwa eneo la Ramsar kwa hiari yake. Mwaka 2004 Bunge likapitisha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Namba 20, inayotaka mradi wa namna hii ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi na wadau wasikilizwe. Ni karatasi mbili. Hakuna hata moja inayosema "ni marufuku kuchimba magadi Natron". Nimezisoma nikitafuta sentensi hiyo.

Zilichofanya ni kuwalazimisha wenye mradi kuandika. Waseme maji kiasi gani, yatoke mto upi, ndege watafanywa nini, wakati wa kutaga mashine zitanyamaza au hazitanyamaza. Ripoti ilipotoka, watu walioijua Natron wakaisoma, na mwaka 2007 wakasimama Dar es Salaam kusema wazi ina matundu. Mashirika ya hifadhi ya ndani na ya nje yakaungana. Februari 2008 wakaja wataalamu wa Ramsar wenyewe kuliona ziwa. Mwenye mradi akaambiwa arudi akafanye utafiti upya. Mwaka huohuo wa 2008 Tata ikajitoa. Hakuna hukumu iliyosomwa, hakuna aliyepigwa faini.

"Yaani waliwachelewesha tu hadi wakachoka," alisema yule kijana wangu nilipomsimulia. Tulikuwa tumerudi kivulini, tunakunywa chai ya maziwa. "Ngoja ngoja huumiza matumbo."

Ni kweli, na hilo ndilo hulaumiwa zaidi katika sheria hizi: zinachelewesha. Mwekezaji analalamika, waziri analalamika, mbunge anauliza ajira ziko wapi. Mwaka 2011 Rais Jakaya Kikwete mwenyewe alitaka mradi wa magadi uharakishwe. Mimi nimefika mahali pa kuamini kwamba kuchelewesha ndiyo kazi yenyewe. Ndege anayetaga yai moja, tena si kila mwaka, hawezi kuharakisha upande wake. Akivurugwa misimu mitano, tutajua ishirini baadaye, kwa kuwa wakubwa wanaishi miongo na wataendelea kupendeza kwenye picha za Nakuru. Upande mmoja unahesabu kwa robo ya mwaka, mwingine kwa umri wa ndege. Sheria ni ya kumfanya wa kwanza amsubiri wa pili.

Anayetaka kuona sheria ikichelewa yenyewe aende Kihansi, kusini-magharibi mwa mkoa wa Morogoro, kwenye genge la Udzungwa. Hapo maporomoko yalirusha mvuke usiokoma, na ndani ya mvuke huo, kwenye eneo la hekta mbili tu, aliishi chura mdogo wa manjano ambaye sayansi ilikutana naye mwaka 1996, wakati ujenzi wa bwawa la umeme umeshaanza. Mitambo ya megawati 180 ilipowashwa, karibu maji yote yalipitishwa ndani ya mwamba na mvuke ukakatika. Vikafungwa vinyunyizi vya bomba. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 wakapandishwa ndege kwenda Marekani. Waliobaki walipata afueni kidogo, kisha mwaka 2003 wakaporomoka, na ugonjwa wa ukungu wa vyura ukaonekana kati yao. Mwaka 2009 wakatangazwa kutoweka porini, na mwaka 2012 wajukuu wa wale waliosafiri wakarudishwa kwenye korongo lao, chini ya vinyunyizi. Umeme wa Kihansi nautumia, siukani. Ila fikiria gharama ya kumlea chura ughaibuni miaka kumi ukilinganisha na gharama ya mtu mmoja kulipanda lile genge mapema, na daftari.

Jioni kijana akanipeleka kwa mzee mmoja, mtu wa makamo ya baba yangu, ameketi kwenye kigoda nje ya boma. Watoto wakaja kuinamisha vichwa niwaguse. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Tukaongelea mvua kwanza, kama inavyopasa, halafu ng'ombe, halafu kiwanda.

"Kiwanda kinataka maji baridi," alisema. "Mimi nataka maji baridi. Mbuzi wangu anataka. Hapo nani atashinda?"

Sikumsikia akitaja ndege, ikanifurahisha. Sisi tunaoandika tunapenda wenyeji wawapende wanyama kwa niaba yetu. Mzee alikuwa anatetea mto, na mto ndio unaowapa makinda ya heroe maji ya kunywa wanapotoka katikati ya ziwa kwa miguu, makundi kwa makundi. Wanapigania kitu kimoja wakiwa upande mmoja, bila kujuana.

Kijana alinyamaza mpaka tulipoondoka. Njiani akasema: "Mzee ana ng'ombe. Mimi sina."

Sikuwa na jibu zuri. Ada za wageni zinaingia kijijini, ndiyo, na baadhi ya akina mama wanauza shanga, lakini wageni wanakuja msimu na mlima ukinguruma hawaji. Mtu anayetetea heroe bila kumjibu yule kijana anaacha mlango wazi, na mapendekezo ya magadi ya Natron yana tabia ya kurudi mlangoni kila serikali inapobadilisha mpango wake wa miaka mitano. Sheria imemnunulia ndege muda. Tulioupata muda huo hatujautumia kutengeneza ajira kumi za maana Engaresero.

Kuna kitu kingine sheria zetu haziwezi. Mto mkubwa unaolisha Natron ni Ewaso Ng'iro ya kusini, na unatoka Mau, Kenya. Huko misitu imekatwa kwa miongo, udongo unateremka, na mipango ya mabwawa ya umeme juu ya mto huo imezungumzwa kwa miaka mingi. Baraza letu la mazingira, NEMC, linaweza kusimamisha kiwanda upande huu na lisiweze kusimamisha jembe moja Narok. Ndiyo maana ile hukumu ya Serengeti ina uzito kuliko barabara iliyoihusu: mahakama ya jumuiya ilisema kwamba mazingira yanayovuka mpaka ni jambo lake. Mkenya aliishtaki Tanzania kwa ajili ya nyumbu, akashinda. Siku moja Mtanzania anaweza kwenda kwenye jengo hilohilo kwa ajili ya maji.

Tuliporudi gari liliharibika Engaruka, jambo lisilomshangaza yeyote ila mimi. Nikapata nusu siku ya kuzunguka. Hapa chini ya genge kuna mabaki ya mji wa kale: kuta za mawe, matuta, mifereji ya umwagiliaji ya watu walioishi karne kadhaa zilizopita na kuondoka. Wenyeji wa leo bado wanamwagilia kutoka mto uleule, nyanya, maharage, migomba. Na bondeni kwao, chini ya malisho, yamepatikana magadi mengi, mabilioni ya mita za ujazo ya maji ya chumvi. Natron ilipokuwa ngumu, NDC iligeukia huku. Kwa heroe ni ahueni. Hata watetezi wa ndege walipendekeza hivyo.

Tulikaa kwenye benchi la mama ntilie, mimi na mkulima mmoja aliyekuwa anasubiri lori la nyanya. Habari ilikuwa fidia: nani amepimiwa, nani hajapimiwa, mwembe unahesabiwaje. Nilimweleza nilikotoka na nilichokwenda kuangalia. Akasikiliza kwa adabu.

"Kwa hiyo kule walizuia kwa sababu ya ndege," alisema.

"Ndiyo."

"Sisi hapa hatuna ndege."

Nikamwambia sheria ni ileile, Namba 20 ya 2004, haimsubiri ndege. Kwamba mradi wowote mkubwa lazima uwe na ripoti ya athari, na mwananchi ana haki ya kuisoma na kupeleka maoni yake NEMC, tena ofisi ya kanda iko Arusha, si lazima afike Dodoma wala Dar. Akatoa kalamu, akaandika namba ya sheria kwenye ganda la sigara. Halafu akauliza kama ripoti hiyo huandikwa kwa Kiswahili.

Nikamjibu kwamba kanuni zinataka muhtasari wake uandikwe kwa Kiswahili pia.

"Muhtasari tu?"